Nyundo ya Fundi Nayo ni Elimu

Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Walimu huifunza methali hii kila mwaka, na wanafunzi huikariri ili wapite mtihani. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaomheshimu mhunzi mwenyewe?

Swali hili lilinijia majuzi katika karakana moja ya jua kali nilikopeleka gari langu. Madigadi ya mbele ilikuwa imeharibika kabisa. Fundi alitwaa bamba la chuma lisilofikia unene wa milimita 1, akalikata, akaliweka juu ya gogo lenye kishimo, akaligonga kwa nyundo ya mbao hadi likabonyea kama bakuli. Kisha akashikilia kipande cha chuma kizito upande wa ndani huku akigonga kwa nje, taratibu, mikunjo ikatoweka. Palipotanuka kupita kiasi alipachoma hadi pakawa pekundu, akapagonga kidogo, akapapoza kwa tambara bichi, napo pakajikaza. Kila mara alipapasa kwa kiganja, kwani mkono hutambua mabonde ambayo jicho huyapita.

Waama, hiyo ni fizikia. Chuma hutanuka kipigwapo, hunywea kipoapo, na huzidi kuwa kigumu kadiri kinavyofuliwa. Fundi huyo anayajua hayo yote, ila hana hati ya kuyathibitisha. Aliniambia kwamba karakana moja kubwa ilimkataa kwa kukosa cheti. Mwanagenzi wake, kijana aliyeacha shule katika kidato cha pili, anaifuata njia iyo hiyo: ujuzi mkononi, mfukoni hamna kitu.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985 uliahidi kumpa mtoto kazi ya mikono. Shule nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa, na masomo ya ufundi yakaishia kuwa michoro ya nyundo madaftarini. Mtaala wa Umilisi, ulioanza mwaka wa 2017, umetoa ahadi kama hiyo. Tusipotahadhari, utakwama papo hapo.

Sisemi kwamba kila mwanafunzi awe mfua bati. Nasema kwamba shule iliyo jirani na karakana imwalike fundi aje afunze kwa nyundo yake. Nasema pia kwamba mafundi wasaidiwe kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, ambayo humpima mtu kwa kazi aifanyayo, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Mlango upo, lakini fundi wangu anasema ada na siku za kazi zinazopotea humzuia kuufikia. Serikali za kaunti zinaweza kuubeba mzigo huo.

Nasi walimu tuna deni letu. Mara ngapi tumemkemea mtoto mzembe kwamba asiposoma ataishia jua kali? Tulipotamka hayo, tulimfunza kuidharau kazi ambayo huenda ndiyo itakayomlisha. Nami ni miongoni mwa waliotamka. Siku ile, nikiipapasa madigadi mpya isiyo na kovu, niliona haya.