Wanalinda Kompyuta, Mtoto Wamemwacha Nje

Mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa mbao wa wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, akitaka kuwanunulia watoto kompyuta, mara nyingi hununua laptopu ya mtumba, kisha huipeleka kwa fundi Iringa mjini ikapigwe Windows. Siku hizi anaongeza ombi moja: "Na zile tovuti chafu nifungie, fundi, watoto wasizione." Fundi anaweka kichujio, anapokea chake, na mzazi anapanda gari la kurudi Ilula, huko Kilolo, roho yake imetulia. Utulivu huo ndio unaostahili kupigwa vita.

Imani inayomtuliza inajulikana. Hatari ya intaneti inakaa kwenye tovuti, tovuti zinafungika, na mtoto akipata upenyo, basi kufuli lilikuwa dogo, litafutwe kubwa zaidi. Ndiyo maana swali ambalo mafundi huulizwa ni lile lile: namzuiaje asivuke? Jibu la kweli ni kwamba humzuii. Na hata ungemzuia, usingekuwa umemkinga na kinachowaumiza watoto.

Serikali zenye fedha zimejaribu zikashindwa. Mwaka 2007 serikali ya Australia chini ya John Howard ilitenga dola milioni 84 za nchi hiyo kwa mpango uliogawa vichujio bure kwa familia. Mwanafunzi wa miaka 16 wa Melbourne alikivuka kimojawapo kwa nusu saa. Serikali ikaongeza kingine kilichobuniwa nchini humo. Hicho kilimchukua kama dakika 40. Lakini cha kutazamwa hapa si dakika. Kijana yule alionyesha kwamba alama ya kichujio inaweza kubaki pale pale kwenye skrini, ili baba akichungulia aone ulinzi uko kazini. Miaka 6 baadaye shule za umma za Los Angeles ziligawa iPad kwa wanafunzi, na baada ya muda mfupi tu wanafunzi wapatao 300, wakiwemo wa sekondari ya Roosevelt, walikuwa wamefuta mipangilio ya ulinzi na kuingia kwenye mitandao waliyofungiwa.

Sasa tuje Ilula. Mara nyingi anachofanya fundi ni kubadili namba za DNS, yaani anwani ya kompyuta ya mbali inayoulizwa kila mara mtu anapoandika jina la tovuti. Kampuni ya Cloudflare, kwa mfano, tangu Aprili 2020 inatoa bure huduma ya namba 1.1.1.3, ambayo ikiulizwa tovuti ya ngono inajifanya haiijui. Ni kazi safi na haichukui dakika tano. Ila kuirudisha kama ilivyokuwa nako hakuchukui dakika tano, kwa yeyote mwenye mamlaka ya msimamizi kwenye mashine hiyo. Na nyumbani kwa watu, nani mwenye mamlaka hayo? Wote. Laptopu ina akaunti moja, jina lake "User" au jina la mmiliki wa kwanza, haina nywila kwa sababu mama aliwahi kuisahau na fundi akatoza tena kuifungua. Mtoto wa kidato cha pili anaingia kwa akaunti ile ile yenye uwezo wa kubadili kila kitu. Kichujio kimewekwa mlangoni na ufunguo umeachwa juu ya meza.

Tuseme mzazi huyu ni makini kuliko wenzake, ametengeneza akaunti mbili na nywila anaikumbuka. Bado. Nyumba chache za Kilolo zina intaneti ya waya. Bando linatoka kwenye simu kwa hotspoti, na laptopu inakula chochote kinachorushwa. Simu yenyewe haina kichujio. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama, simu ni ya kaka, bando kanunua shangazi, anayeishika ni binti. Kwa sheria za shule haruhusiwi kuwa na simu; kwa hali halisi, wakati wa likizo ni yake kuanzia jioni mpaka anapolala. Wanaopeana video kwa WhatsApp, kwa Telegram, kwa Xender au kwa memori kadi hawapiti kwenye tovuti yoyote ambayo DNS ingeulizwa. Na hapo hatujagusa kibanda umiza cha kuonyeshea video, ambako mtoto alikuwa akiona asiyopaswa kuona kabla laptopu haijafika kijijini.

Halafu kuna jambo ambalo watu wazima hawapendi kuambiwa. Mtoto wa Kitanzania hakufundishwa VPN, programu ya kuvukia vizuizi vya mtandao, na wahuni wa mtandaoni. Amefundishwa na baba, kaka na mjomba. Waganda walitangulia: serikali yao ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii Julai 2018, VPN iligeuka kuwa programu ya kila mtu, boda boda kwa profesa. Kwetu somo lilikuja na uchaguzi wa Oktoba 2020, mitandao ilipobanwa na watu wakatumiana majina ya VPN nzuri kama wanavyotumiana jina la dawa ya kikohozi. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikatangaza kuwa wanaotumia VPN wajitambulishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa, na maelezo yaliyotolewa na serikali yalikuwa kwamba unaruhusu maudhui ya ngono.

Hebu litazame jambo hilo vizuri. Nchi nzima iliwekewa kichujio kile kile ambacho mzazi wa Ilula anamwomba fundi, na kwa sababu ile ile. Watu wazima wakafanya nini? Wakawasha VPN wakaendelea kubishana Simba na Yanga. Mtoto aliyekaa pembeni akimtafutia baba yake VPN isiyokata kata anatarajiwa, baada ya miezi miwili, kuheshimu kufuli lililowekwa kwenye laptopu ya nyumbani. Si Tanzania peke yake: Uingereza ilipoanza kudai uthibitisho wa umri kwenye tovuti za ngono tarehe 25 Julai 2025, VPN zilipanda juu kabisa kwenye orodha ya programu zinazopakuliwa nchini humo.

Yote hayo yanahusu kufuli. Kosa kubwa zaidi liko kwenye kuamini kwamba adui ni tovuti.

Ripoti ya "Disrupting Harm" kuhusu Tanzania, iliyoandaliwa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF na kutolewa mwaka 2022, ilikadiria kuwa asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa unyonyaji au ukatili wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Ukilinganisha na idadi ya watoto nchini, ni takriban watoto 200,000. Kinachohesabiwa humo si mtoto aliyefungua ukurasa mchafu. Ni mtoto aliyetishwa ili afanye ngono, aliyesambaziwa picha zake bila ridhaa, aliyeahidiwa fedha au zawadi ili atoe alichotakiwa kutoa. Ripoti hiyo inaonyesha kwamba mara nyingi anayefanya hivyo ni mtu ambaye mtoto anamfahamu. Anatumia WhatsApp na Facebook, mitandao ile ile ya kikundi cha kwaya na cha mchango wa harusi. Hakuna kichujio duniani kinachoweza kutofautisha "umelala?" ya shangazi na "umelala?" ya yule jamaa wa dukani.

Na walioumizwa walimwambia nani? Rafiki, mara nyingi. Polisi na simu ya msaada karibu hawakufikiwa kabisa.

Hapa ndipo kichujio, ambacho wengi wanakiona kuwa kama hakisaidii basi angalau hakidhuru, kinaanza kudhuru. Mchukue binti wa miaka 15 aliyepita kando ya kichujio, akajiunga na kikundi alichokatazwa, akatuma picha moja kwa mtu aliyemwamini. Wiki ya pili anaambiwa alete elfu hamsini, la sivyo picha inakwenda kwa wazazi. Ili aombe msaada nyumbani, lazima kwanza akiri kosa jingine: kwamba alivuka. Anajua kitakachofuata, kwa sababu nyumba nzima imekuwa ikiongea juu ya kuvuka na adhabu yake. Simu itachukuliwa, laptopu itafungiwa kabatini, pengine na fimbo. Anapiga hesabu, anaona mtishaji ni nafuu kuliko baba. Anakopa kwa rafiki, anatuma fedha kwa simu, na anayetisha akishalipwa mara moja huomba tena. Mzazi aliyejenga kesi yote juu ya kuvuka amemsaidia mtishaji kufunga mlango.

Watetezi wa vichujio wana hoja moja ya haki: mtoto wa miaka sita anayetafuta katuni asiangukie uchafu kwa bahati mbaya. Kweli, na kwa huyo kiwekwe, tena kiwekwe vizuri, akaunti yake iwe ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi. Ila hata hapo madai yapunguzwe. Andrew Przybylski na Victoria Nash wa Chuo Kikuu cha Oxford walichunguza maelfu ya vijana wa Ulaya pamoja na walezi wao, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 wakakadiria kuwa ingehitajika kuweka vichujio katika kaya kati ya 17 na 77 ili kijana mmoja tu aepushwe na picha za ngono. Dawa inayowasaidia wachache kiasi hicho daktari angeiandika kwa kusitasita. Wazazi wetu wanaimeza kama chanjo.

Watu wa Iringa wana historia yao ya kuta. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijenga ngome ya mawe Kalenga, na Wajerumani waliivunja Oktoba 1894, lakini yeye hawakumpata. Kilichowashinda kwa karibu miaka minne iliyofuata hakikuwa ukuta. Walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta, na Wahehe walio wengi wakakaa kimya, kwa sababu walikuwa upande wake. Mtoto naye hukaa kimya kwa ajili ya mtu, na mzazi ajiulize kimya hicho kinamlinda nani.

Cha kufanya hakihitaji programu ya kununua. Laptopu ikae sebuleni, kioo chake kikiangalia watu wanapopita, hata kama sebule ni finyu na bibi anasikiliza redio kwa sauti ya juu. Simu ya familia isilale na mtoto chumbani. Baba anayewasha VPN mbele ya wanawe aeleze kwa nini anaitumia. Na mzazi atamke, kabla ya tatizo lolote, maneno ambayo kwa mila zetu ni magumu kutamka: ukitishwa na mtu, njoo uniambie, hata kama ulifika huko kwa njia niliyokukataza, na simu sitakunyang'anya. Akishayasema, ayatimize siku yenyewe ikifika. Hapo ndipo wengi watashindwa, maana ni rahisi kumlipa fundi kuliko kuzuia mkono wako.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na inaadhibu usambazaji wa picha za ngono za watoto. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116, inayoendeshwa na shirika la C-Sema, ni simu ya bure kwa ajili ya watoto. Shule za Kilolo zinaitisha vikao vya wazazi, ajenda zikiwa chakula cha mchana, michango na nidhamu. Mkuu wa shule anayetaka kuongeza ajenda ya mtandao asimwite fundi aje kuonyesha vichujio. Amwite askari wa dawati, aeleze mbele ya wazazi na wanafunzi waliokaa pamoja nini kinafanyika mtoto akileta simu yenye ujumbe wa vitisho: nani atausoma, kwa nini usifutwe, fedha isitumwe, na kama kuna yeyote ofisini kwake atakayeanza kwa kumuuliza mtoto alivukaje.