Chatu wa Rangi na Maradhi Yake

Hapa Ngara tukimkuta chatu katika mabonde ya Ruvubu, twamwepuka. Ulaya na Marekani watu humfuga nyumbani ndugu yake mdogo, chatu ajikunjaye kama mpira, ambaye asili yake ni Afrika, toka Magharibi hata Uganda. Humzalisha wapate rangi za ajabu. Mwaka 1999 ilizalishwa Marekani aina iitwayo "buibui", yenye mistari myembamba kama utando. Lakini nyoka hao hutikisika vichwa, na wengine hupinduka wasijue juu wala chini. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa sikio lao la ndani limeumbika vibaya. Rangi na maradhi hurithiwa pamoja.

Kijana atauliza: pana ubaya gani? Rangi isiyomdhuru mnyama hatuna neno nayo. Lakini kumzalisha kiumbe, hali twajua atazaliwa mgonjwa, kwa ajili ya pambo na fedha, ni dhuluma. Wasomaji wetu wanakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia akafa njaa. Nyoka naye ana Muumba wake. Kumchukia kwetu hakuhalalishi kumtesa.