Tonge Linapokwama Kifuani

Wasomaji wetu, mwezi huu twataka kueleza habari za umio, yaani njia ipitishayo tonge kutoka kooni hata tumboni. Njia hiyo yapita kifuani, kati ya mapafu na nyuma ya moyo. Kwa hiyo daktari mpasuaji wa umio mara nyingi ndiye mpasuaji wa mapafu pia, na watu hao ni adimu katika nchi zetu.

Mmoja wao ni Daktari Russell White, Mmarekani, aliyefika hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, mwaka 1997. Alikuta wagonjwa wengi wa saratani ya umio, na mwaka 2002 yeye na wenziwe walitangaza jambo la kuhuzunisha: miongoni mwao walikuwamo vijana wasiotimiza miaka 30. Wengi waliwasili wamechelewa, hata maji hayapiti. Kisu hakikuwafaa tena.

Hao aliwapitishia kinywani kijibomba cha wavu wa chuma, kilichokunjwa. Kikifika penye uvimbe hujitanua chenyewe, njia ikafunguka. Mwaka 2009 zilichapishwa habari za mamia ya wagonjwa waliotiwa kijibomba hicho. Hakikuwaponya, lakini walikula tena pamoja na jamaa zao. Wako watakaoliona hilo dogo. Sisi hatulioni dogo hata kidogo: kufa kwa maradhi ni msiba, na kufa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa ni msiba wa pili juu yake.

Wala nasi hapa Igogo tusidhani mambo hayo ni ya Bomet tu, kwani maradhi haya yameenea mashariki ya Afrika, toka Ethiopia hata Afrika Kusini. Tumbaku na pombe huyachochea, na chai iunguzayo ulimi nayo yashukiwa. Huanza kidogo: ugali wakwama, mtu aushushia kwa maji. Baadaye ahamia wali laini, kisha uji, na nyumbani husemwa ni vidonda vya tumbo, au ni husuda. Kumbe siku za kupasuliwa zinapita. Mtu mzima akikwamwa na tonge wiki mbili, na aende zahanati, aombe barua ya Bugando, akatazamwe umio kwa mpira wenye kamera. Mgonjwa mwenyewe aweza kuficha; lakini mama wa nyumba ndiye aionaye sahani ikirudi jikoni na ugali wake.