Ushindi wa Mezani na Mahubiri kwa Walioshindwa

Kila matokeo yanapotangazwa nchini mwetu, yawe ya mpira, ya usaili wa kazi au ya uchaguzi, methali moja haikosi kusikika: asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni methali ya kweli. Lakini tuchunguze nani huitamka, na humtamkia nani. Huitamka aliyeshinda, akimwambia aliyeshindwa. Sijapata kumsikia mshindi akijiuliza kama yeye mwenyewe alikuwa mshindani. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba tumeufanya uanamichezo kuwa wajibu wa walioshindwa peke yao, na kwa kufanya hivyo tumeugeuza kuwa kitambaa cha kuwazibia watu midomo. Uanamichezo wa kweli huanza kwa anayeshinda na kwa anayeshika kipenga.

Tumtazame kwanza John Stephen Akhwari, ambaye tumezoea kumtaja kama kielelezo cha uvumilivu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico, wanariadha 75 walianza mbio za marathoni na 57 wakamaliza. Mtanzania huyu alikuwa wa 57. Alifika uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kutwaa dhahabu. Tunausifu moyo wake, na ni haki yake. Tunachosahau kuuliza ni kwa nini kushindwa kule kuna heshima mpaka leo. Kuna heshima kwa sababu umbali ulikuwa mmoja kwa wote, mstari wa kumalizia haukusogezwa, na Akhwari alishindwa na njia pamoja na maumivu yake mwenyewe, si na hila ya mtu. Anayewataka wenzake wapokee kushindwa kama Akhwari sharti kwanza awape njia aliyopewa Akhwari.

Mfano wa pili unamhusu mtu aliyekuwa na nafasi ya kushinda. Desemba 2012, katika mbio za nyika huko Burlada, Hispania, Mkenya Abel Mutai alikuwa akiongoza. Mutai ndiye aliyetwaa shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London mwaka huohuo. Mita chache kabla ya mstari alisimama, akidhani amekwisha maliza. Mhispania Iván Fernández Anaya, aliyekuwa wa pili, angeweza kumpita bila kuvunja kanuni yoyote. Hakumpita. Alibaki nyuma yake akimwashiria aendelee mpaka Mutai akauvuka mstari wa kwanza. Kocha wake, Martín Fiz, ambaye naye amepata kuwa bingwa wa dunia wa marathoni, alisema baadaye kwamba yeye angeutumia mwanya ule.

Kati ya mwanariadha na kocha wake ndipo ulipo mgogoro wetu wote. Mmoja aliuliza ni nani aliyestahili kushinda, mwingine aliuliza kanuni inaruhusu nini. Katika maisha yetu ya umma, wanafunzi wa kocha ni wengi mno. Wakiulizwa kuhusu haki hujibu kwa kifungu cha sheria.

Tukumbuke uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, wengi wao kwa madai ya makosa katika kujaza fomu. Vyama kadhaa vikajitoa, na chama tawala kikatangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Mashabiki wa soka wana jina la ushindi wa aina hiyo: pointi za mezani. Timu iliyopewa pointi tatu za mezani huzipokea, lakini haikodi basi la wazi kuzunguka nalo mjini. Katika siasa tuliona watu wakipongezana kwa kupita bila kupingwa, kana kwamba kumkosa mpinzani ni ushahidi wa kupendwa.

Nisieleweke kwamba nawasema wanasiasa peke yao. Mwanafunzi anayemlipa mtu amwandikie tasnifu, kisha akapanda jukwaani kwa joho, amechukua ushindi wa mezani. Ofisa anayeandika vigezo vya zabuni kwa kipimo cha mzabuni mmoja, kama fundi cherehani apimavyo suti ya mteja, amesogeza mstari wa kumalizia. Jopo linaloita vijana mia moja kwenye usaili wa nafasi iliyokwisha kupata mwenyewe limewadhulumu nauli na matumaini yao. Kijana huyo akirudi nyumbani tunamwambia nini? Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Wapo watakaosema kwamba siasa na utumishi si mpira, na kwamba viwanjani kwenyewe kumejaa hila. Ni kweli kuna hila. Machi 8, 2025, Simba na Yanga hawakucheza. Simba walidai walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mchezo, wakatangaza kutocheza. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga wakafika uwanjani na kudai pointi. Mchezo ulichezwa Juni 25. Katika miezi ile nilisikiliza mijadala mingi, na ni wachache walioanza na kanuni. Wengi walianza na jezi, kisha wakatafuta kanuni ya kuivalisha.

Hata hivyo, uwanja huohuo unatupa kipimo. Kabla ya kutetea jambo, badilisha jezi. Je, ungelisema hivyo kama aliyezuiwa ni wa upande wako? Ungeikubali fomu ile ikataliwe kama jina lililoandikwa juu yake ni la chama chako? Na hata shabiki mwenye ushabiki uliopindukia asingekubali nahodha wa timu moja amteue mwamuzi wa mechi yake mwenyewe. Jambo tusilolivumilia kwa dakika 90 za burudani tunalivumiliaje kwa miaka mitano ya maisha yetu?

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma tuache kuikariri methali ile nusunusu. Mtumishi anayeombwa kupindisha vigezo anaweza kukataa kutia saini. Mwanafunzi anaweza kuupokea mkopo wa alama ndogo alizozitolea jasho. Mwanaharakati anaweza kulikemea jambo lilelile likifanywa na chama anachokipenda. Kukubali kushindwa ni wajibu, nami nitaufundisha daima. Ila wajibu huo humwangukia mtu baada ya kupewa mashindano. Kabla ya hapo, anayelalamika si mshindani mbaya. Ni mtu aliyenyimwa mchezo, na mshindi ndiye anayedaiwa maelezo.