Gazeti Lifungwe au Lijibiwe?



Vijana hutuuliza mara kwa mara: Je, yafaa serikali kufunga gazeti, au kumkamata mwandishi, ikiona kwamba yaliyosemwa ni uwongo? Twapenda kuwajibu kwa jambo lililotokea papa hapa Mwanza, ili kila mtu alipime kwa akili yake.

Katika mwaka wa 2004 bwana mmoja wa Austria, Hubert Sauper, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare. Humo alionyesha biashara ya sangara wa ziwa letu: minofu hupakiwa ndegeni kwenda Ulaya, na maskini wa hapa hubakiwa na mapanki. Tena alitia shaka kwamba ndege zijazo kuchukua samaki huleta silaha za vita barani Afrika. Filamu hiyo ilisifiwa sana ng'ambo, lakini hapa kwetu wengi walikasirika. Mwaka wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, na mjini Mwanza yakafanywa maandamano ya kuipinga. Mpaka hapo hapana kosa, kwani mwenye kuona amesingiziwa ana haki ya kujibu.

Walakini mwandishi wa khabari Richard Mgamba, aliyesema ndani ya filamu ile, alikamatwa, akatishiwa kufukuzwa nchini kwa madai kwamba si raia. Hapo ndipo twauliza: kumkamata mtu kwathibitishaje kwamba ndege hazikuleta silaha? Kwamfaa nini mama auzaye samaki Mwaloni, Kirumba? Hakuondoi shaka hata chembe, bali kwaizidisha, kwani watu husema, "Lau ni uwongo, mbona asijibiwe kwa hoja?"

Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kwamba fasiki akituletea khabari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Tazameni basi: hata kwa fasiki, amri si kumfumba kinywa, wala si kumsadiki, bali ni kuchunguza. Na hakuna uchunguzi ila kwa kusikiliza pande mbili. Watu wakiachiwa kinywa kimoja tu, watamuuliza nani?

Wako watakaosema: Je, mwongo aachwe avunje heshima za watu? Hasha! Katika Surat An-Nur, mwenye kumsingizia uzinifu mwanamke aliyejihifadhi, asilete mashahidi wanne, hukumu yake ni viboko 80. Lakini hukumu hiyo ina mizani. Kosa lajulikana tangu mbele, ushahidi watakiwa, na aadhibiwaye ni yule aliyesema, si jirani zake. Waziri anapolifunga gazeti lililoikosoa serikali, mlalamikaji na kadhi huwa mtu mmoja, na adhabu humpata hata mpiga chapa na mchuuzi wa magazeti, ambao hawakuandika neno.

Mambo hayo yamepita kwetu. Mawio lilifungwa mwaka wa 2016, Mwanahalisi mwaka wa 2017, na Tanzania Daima lilinyang'anywa leseni mwaka wa 2020. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya 2016 vyapingana na Mkataba wa Jumuiya. Februari 2022 serikali yenyewe ikayarudishia leseni magazeti hayo matatu pamoja na Mseto, na mwaka wa 2023 sheria ile ikarekebishwa. Twashukuru kwa hilo. Lakini riziki waliyoikosa watu katika miaka ile ya ukimya, nani atawarudishia?

Wala kufunga hakuondoi uvumi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, ikakaa siku kadhaa. Uvumi haukuzimika pamoja nayo. Ulitembea kwa miguu, kila mtu akiongeza lake, na hapakuwa na khabari ya kuusahihisha.

Basi, enyi wazazi, uhuru huu tuutakao una deni lake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo akisimulia kila alisikialo. Wafundisheni watoto wasipeleke katika simu khabari wasiyojua atokako. Wasimsadiki mwandishi kwa kuwa wampenda, wala wasimkadhibishe kwa kuwa wamchukia. Na mtu akituandika vibaya, sisi au dini yetu, tumjibu kwa hoja, na akivunja sheria tumpeleke mahakamani. Tusikimbilie kuomba afungiwe. Mlango tuombao leo afungiwe mwenzetu, kesho huenda tukafungiwa sisi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli na kuvumilia kuisikia. Amin.