Mila Hubadilika Bila Kufa

Kila mwaka, usiku wa tarehe 31 Oktoba, watoto wa Marekani na Ireland huvaa vinyago na kupita nyumba hata nyumba wakiomba peremende. Mchezo huo una asili ya kale. Wakelti wa Ireland waliamini kwamba usiku huo, mavuno yakiisha na baridi ikianza, mizimu hutembea kati ya walio hai. Baadaye Kanisa likaweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na watu wa Ireland waliokimbia njaa ya miaka ya 1840 wakaivusha desturi yao hadi Marekani. Leo hofu imetoweka, furaha imebaki.

Habari hiyo ya mbali ina funzo kwetu. Ifikapo Desemba, Wakurya wa Tarime na Serengeti hucheza ngoma, hupiga litungu, huchinja na kuwapokea vijana wao katika rika jipya. Sherehe hiyo ni fahari ya taifa zima, nasi hatutaki ife. Lakini katika msimu huo huo wasichana hukeketwa. Wako wanaovuja damu hata kufa. Wengine huacha shule na kuozwa kwa ng'ombe wangali watoto.

Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo kisichopungua miaka 5. Hata hivyo, hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wanawake 8 katika kila 100 nchini wamekeketwa. Mkoani Mara ni 28.

Husemwa kuwa mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli. Lakini mwenye mila ni bwana wa mila yake, wala si mtumwa wake. Katika kituo cha Masanga, Tarime, wasichana hufunzwa, huimba na kusherehekewa pasipo kisu. Mugumu nako iko nyumba inayowapokea wanaokimbia.

Basi wanachama na wafanyakazi wenzetu, tusikae kimya kwa kuogopa kura au lawama za jamaa. Twende kwa wazee wa mila kwa heshima, tena mapema, kabla ngoma haijalia. Litungu libaki; rika libaki; karamu ibaki. Kisu kiondoke.