Safari ya thelujini yataka mpango, si pupa

Mwezi wa Novemba mwaka jana dadangu mkubwa alinipigia simu usiku, sauti ikimtetemeka kwa hasira. Mwanawe anasomea uhandisi katika chuo kimoja mjini Denver, jimbo la Colorado nchini Marekani. Kijana huyo alikuwa ameomba ruhusa ya kuchota sehemu ya karo ya muhula wa Januari. Haja yenyewe haikuwa ugonjwa wala vitabu. Alitaka kwenda na wenzake watatu katika mji wa Vail, siku nne za wiki ya Krismasi, akateleze juu ya theluji kwa mbao mbili zilizofungwa miguuni. "Wewe ndiwe mjomba wake," dadangu akaniambia, "mwambie wewe. Mimi maneno yameniisha."

Desturi zetu humpa mjomba mamlaka ya kukemea, nami sikuchelewa kuyatumia. Niliketi nikaandika barua kali ya kurasa mbili. Nilimweleza kijana kwamba theluji ni mambo ya Wazungu na kwamba mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi hana shughuli nayo. Kabla ya kuituma niliisoma tena, nikaona haya. Ilikuwa hukumu isiyo na ushahidi. Lau mwanafunzi wangu angeniletea insha ya namna ile, ningemrudishia aiandike upya. Basi nami nikaanza upya: nikatafuta ramani, bei, sheria na historia ya milima ile. Niliyoyapata ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya, kwani najua si familia yetu pekee iliyo na kijana ughaibuni anayeitwa mlimani na wenzake kila Desemba ifikapo.

Kwanza, hoja kwamba mchezo wa skii haumhusu Mwafrika haina miguu ya kusimamia. Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji kabla ya kuvaa mbao za theluji, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, lakini mshindi wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mstarini akamkumbatia. Boit alirudi tena Salt Lake City, jimbo la Utah, mwaka 2002, na Turin mwaka 2006. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, alituwakilisha PyeongChang katika skii ya kushuka mlima. Anayesema kwamba mlango huu umefungwa hajausukuma.

Hata hivyo, mlango kuwa wazi si sababu ya kuingia mbio. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Viti vinavyowapandisha watu kileleni vilianza kutumika mwaka 1936 huko Sun Valley, jimbo la Idaho. Kampuni ya reli ya Union Pacific ilijenga kituo hicho ili ipate abiria wakati wa baridi. Mhandisi wake, James Curran, aliiga mtambo wa kupakia ndizi melini: mahali pa mkungu akaweka kiti. Vail nayo ilifunguliwa Desemba 1962, na mmoja wa waasisi wake, Pete Seibert, alikuwa askari aliyefunzwa vita vya milimani katika kambi ya Camp Hale, Colorado, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kuanzia mwanzo, basi, hii ni biashara, na mwenye kwenda sokoni sharti ajue bei.

Bei hizo humshtua mtu. Katika msimu wa 2024/2025 tikiti ya siku moja huko Vail, ikinunuliwa dirishani siku za kilele, ilizidi dola 300, yaani zaidi ya shilingi 38,000 zetu. Siku nne zingemgharimu mpwa wangu zaidi ya dola 1,200 kabla hajakodi mbao, viatu wala kitanda. Ajabu ni kwamba kibali cha msimu mzima, ambacho kampuni inayomiliki Vail ilikianzisha mwaka 2008, huuzwa kwa takriban dola 1,000. Siku nne kwa asiyepanga ni ghali kuliko miezi mitano kwa aliyepanga! Sababu yake si fumbo. Kibali huuzwa kabla ya theluji kuanguka, na mauzo hufungwa mapema Desemba. Kampuni hupokea fedha zake iwe theluji itanyesha au haitanyesha, na anayechelewa hutozwa faini ya kuchelewa ingawa hakuna anayeiita faini.

Lakini kwa mpwa wangu kulikuwa na hatari kubwa kuliko bei. Mwanafunzi wa kigeni nchini Marekani hukaa kwa sharti la kusajiliwa kwa masomo kamili. Akikosa karo hasajiliwi, na asiposajiliwa hupoteza hadhi ya viza yake. Wakati wa muhula haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki, kwa hivyo pengo la karo halizibiki upesi. Dadangu alikuwa akililia fedha. Mimi niliposoma masharti hayo niliona kwamba siku nne za anasa zingeweza kukata miaka minne ya masomo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na karo iliyoazimwa kwa mchezo haimsitiri mwanafunzi.

Kazi yangu ni kusoma maneno na alama, na hapo ndipo milima ile ilinifunza zaidi. Njia za kuteleza huwekewa alama: duara la kijani kwa njia nyepesi, mraba wa buluu kwa njia ya wastani, almasi nyeusi kwa njia ngumu. Mgeni hudhani alama hizo zina maana moja kila mahali. Sivyo. Kila mlima hupima njia zake kwa kuzilinganisha na njia zake wenyewe, hata buluu ya mlima mmoja ikawa sawa na nyeusi ya mlima mwingine. Katika isimu tunasema kwamba alama hupata maana ndani ya mfumo wake. Darasani anayesahau hilo hupoteza maksi. Mlimani aweza kuvunjika mguu.

Maneno mengine yako nyuma ya tikiti, kwa herufi ndogo ambazo wengi hawazisomi. Sheria ya Colorado kuhusu usalama wa skii, ya mwaka 1979, inataja hatari zilizo sehemu ya mchezo wenyewe, kama vile hali ya hewa kubadilika, barafu, miamba, miti na mteremko mkali. Aumiaye kwa hizo hawezi kumdai mwenye mlima. Sheria hiyohiyo humtwika anayeteleza kutoka juu wajibu wa kumkwepa aliye chini yake. Kwa ufupi, ukinunua tikiti umenunua pia hatari. Asiye na bima ya afya na asitie mguu huko, kwa kuwa bili ya hospitali za Marekani kwa mfupa mmoja yaweza kuzidi karo yenyewe.

Isitoshe, kuna hewa. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Nairobi. Vail mjini ni kama mita 2,480, karibu sawa na Iten kwa wakimbiaji wetu, na Breckenridge huwapandisha watu kwa viti hadi mita 3,900 hivi. Atokaye pwani akapanda huko siku ya kwanza huenda akapatwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usiku usio na usingizi. Dawa yake ni kupumzika siku moja au mbili kabla ya kupanda, kunywa maji kwa wingi na kuacha pombe. Jua nalo hupiga mara mbili, kutoka mbinguni na kutoka kwenye theluji, na ngozi nyeusi haina kinga dhidi ya upofu wa muda unaoletwa na mwangaza huo. Miwani si urembo.

Nisingekuwa mwanaisimu lau ningepita bila kugusa majina. Kituo kilichoandaa Olimpiki ya mwaka 1960 karibu na ziwa Tahoe, California, kiliitwa Squaw Valley. Neno la kwanza la jina hilo ni tusi kwa wanawake wa wenyeji asilia wa Marekani. Miaka mingi wenyeji hao, wakiwamo watu wa Washoe ambao bonde hilo lilikuwa ardhi yao, walilalamika wakaambiwa kwamba jina ni jina tu. Mwaka 2021 wenye kituo walikubali, kikaitwa Palisades Tahoe. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ililiondoa neno hilo katika majina ya karibu mahali 650. Sisi tulioiona Fort Hall ikiwa Murang'a na Thomson's Falls ikiwa Nyahururu hatuhitaji kufunzwa kwamba jina si jina tu. Nilimtaka kijana ajue hilo kabla ya kwenda, na ajue pia kwamba milima ya Colorado ilikuwa makao ya watu wa Ute kabla ya kuwa mahali pa likizo.

Nilimtaka vilevile awaone wanaofanya kazi mlimani. Tarehe 27 Desemba 2024 walinzi wa usalama wa mlima huko Park City, Utah, waligoma wakidai mshahara wa kuanzia upandishwe kutoka dola 21 hadi 23 kwa saa. Mgomo ulidumu hadi Januari 8, na wageni waliolipa mamia ya dola kwa siku walikuta njia nyingi zimefungwa. Aliyelipa dola 300 kwa siku alikumbushwa kwamba usalama wake uko mikononi mwa mtu ambaye kwa saa nzima hapati hata sehemu ya kumi ya hizo.

Basi niliichana barua ya kwanza nikaandika ya pili. Nilimwambia mpwa wangu asiguse karo, hata senti. Krismasi aiache ipite, kwani ndipo bei na misongamano hufika kilele. Aweke akiba kutokana na ujira wake wa kazi ya maktaba, kisha aende mwisho wa Januari, siku za katikati ya wiki ambazo hana darasa, katika kituo kidogo kilicho karibu na Denver badala ya Vail. Asikodi gari, maana barabara kuu ya kupanda milimani hutaka tairi za theluji au minyororo, kuna basi. Siku ya kwanza alipie mwalimu kabla ya kulipia kitu kingine chochote. Na athibitishe kwamba bima yake ya chuo inamlinda.

Alijibu kwa mistari miwili: "Nimekuelewa, mjomba. Wenzangu watanicheka, lakini nitangoja." Akangoja. Januari mwaka huu alikwenda siku mbili kwa fedha zake mwenyewe, akiwa tayari amesajiliwa. Aliniarifu kwamba alianguka mara kumi na nne kabla ya adhuhuri, na kwamba watoto wa miaka mitano walimpita wakiimba. Mwenzake mmoja, ambaye alikwenda wakati wa Krismasi kwa fedha za mkopo, hadi sasa anaulipa.

Dadangu hajaridhika. Kwake yeye, dola ambayo haikuingia darasani wala nyumbani imepotea. Namheshimu, ila sikubaliani naye. Mzazi amnyimaye mwanawe kila kitu kisicho karo humfunza kuficha, na kijana afichaye ndiye akopaye. Enyi wazazi wenye watoto ng'ambo, msiwajibu kwa "hapana" kavu kama nilivyotaka kufanya. Waulizeni bei, bima, tarehe na chimbuko la fedha. Mkipewa majibu kamili, wapeni baraka zenu. Wakishindwa kujibu, watakuwa wamejikataza wenyewe.